Nilivyojitundika Ubaoni

Krrraap!

Sauti hiyo niliisikia kabla sijaona kitu, maana nilikuwa nimeinama juu ya karai nje ya bwalo, uso mzima povu la sabuni. Wenzangu mnaonisoma, kabla sijaenda mbali niseme wazi: leo nimevuliwa nguo mbele ya watu arobaini na tano, nikiwa nimevaa shati lililopigwa pasi na tai. (Tai! Hapa Mukuju, kwa uji wa asubuhi! Tulieni, mtaelewa.)

Mlio ule naujua. Ni kitambaa cha kitenge kinachofunika ratiba ya siku kikibanduliwa. Kimeshikizwa ubaoni kwa ule mkanda wa kunata unaolia kama turubai likichanwa. Kila siku hulia hivyo saa moja kamili, kisha husikika sauti ya Athieno ikisoma: "Kunywa uji. Kupiga mswaki. Darasa." Na watoto wote hurudia.

Leo, povu likinichoma jicho la kushoto, nikasikia:

"Mwalimu Wandera. Kaa. Mwalimu Amoding."

Sauti za wenzake zikaitikia: "Mwalimu Wandera! Kaa! Mwalimu Amoding!"

Mwalimu Wandera ni mimi. Sabuni ilinikaukia usoni.

Shule yetu iko nje kidogo ya senta ya Mukuju, mashariki mwa Uganda. Ni ya watoto wanaohitaji kusaidiwa kuliko wengine. Wapo wasiosema, wapo wanaosema bila kunyamaza, wapo ambao kufunga kamba ya kiatu ni kazi ya muhula mzima. Wengine wametoka Buteba, wengine Rubongi, wengine kwetu Busia ya Kenya, na kila mmoja ana lugha ya nyumbani kwao. Kwa hiyo tunakutana kwenye Kiswahili, na Kiswahili kikishindwa tunakutana kwenye picha. Kila jambo la siku lina kadi. Kikombe ni uji. Jembe ni bustani. Sisi walimu pia tuna kadi zenye sura zetu. (Yangu ilipigwa nikipiga chafya.) Kadi kumi na moja hubandikwa kwenye kibao kirefu, kibao hutundikwa kwenye misumari miwili ukutani, na jambo likishafanywa kadi yake hubanduliwa na kutupwa ndani ya kopo lililoandikwa IMEKWISHA.

Athieno ndiye msomaji. Ana miaka kumi na mitano, anavaa sweta la bluu hata jua likiwaka, na kwake kilichoko ubaoni ndicho siku yenyewe. Kadi isipofanywa, inayofuata haipo. Tunayo kadi ya Mabadiliko, yenye picha ya wingu la mvua, lakini ni lazima iwekwe kabla kitenge hakijabanduliwa. Kikishabanduliwa, hakuna kubadili. Mwaka jana tulifuta safari ya bustani katikati ya kusoma, na Athieno akagonga kichwa chake ukutani mpaka tukaingiza godoro kati yake na ukuta. Baada ya siku ile Mwalimu Amoding alitunga sheria: ubao hausemi uongo. Tangu hapo Athieno hajagonga tena. Hata mara moja.

Sasa niwaambie juu ya Amoding, ingawa mkono unasita.

Ni Mteso wa Malaba. Nimefanya naye kazi mihula mitano. Mtoto anaweza kutafuta neno moja kwa dakika nne, na Amoding atakuwa amechuchumaa mbele yake, hamkatishi, hammalizii, hatazami pembeni. Neno likifika analipokea kama mtu anayepewa kuku mikononi: kwa mikono miwili, kwa hadhari, akicheka kidogo. Mara nyingi nimesimama nyuma ya dirisha la darasa lake nikijifanya natafuta chaki. Nilitamani kuwa yule mtoto. Nilitamani kuwa na neno gumu, na mtu wa kunitazama hivyo mpaka litoke.

Nilikuwa nalo. Sikulitoa.

Wiki tatu zilizopita Madam Mkuu akatutangazia kwamba Amoding amepata kazi Moroto, mbali kaskazini, kuna shule inafunguliwa huko na haina mwalimu hata mmoja wa watoto kama wetu. Aliiomba mwenyewe, miaka miwili nyuma, kabla hajanijua. Gari lingekuja kumchukua leo, Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi.

Nikaanza kuandika barua. Nyinyi mnanijua, kurasa mia tatu za riwaya naziandika bila kuinua kichwa. Barua ya ukurasa mmoja ilinitoa jasho. Niliandika saba. Kila moja ilikuwa nzuri na kila moja ilikuwa ya uongo. Nilimweka Amoding kwenye mwezi, nikamweka kwenye mto, nikamweka kwenye ua ambalo hata jina lake silijui. Nikizisoma naona ninayesifiwa ni mimi na kalamu yangu. Yeye hayumo.

Basi, Jumatano baada ya masomo, nikakaa barazani na sanduku la kadi za watoto. Nikajiambia: humu hamna pambo. Nikishindwa kusema kwa picha kumi na moja, sina la kusema.

Shida ikawa moja. Nilipekua sanduku lote. Kuna kadi ya choo. Kuna kadi ya nzi. Kuna kadi ya "kiatu changu kimelowa". Kadi ya kupenda haipo! Nikaunga nilivyoweza kwa zilizokuwepo, nikazipanga kwenye kibao cha akiba, nikakifunga kwa gazeti. Mpango wangu ulikuwa kumwita Amoding nyuma ya jiko baada ya uji, tuwe wawili tu, nimpe kibao, nitazame chini. Kwa ajili hiyo tu nilivaa tai.

Leo zamu ya kutundika ratiba ilikuwa yangu. Umeme umekatika tangu jana, chumba cha walimu kilikuwa giza kama ndani ya chungu. Mezani kulikuwa na vibao viwili, urefu mmoja, uzito mmoja, vyote vimefungwa kwa gazeti ili kadi zisishike vumbi. Nikachukua kimoja. Nikakitundika gizani, nikakifunika kwa kitenge, nikaenda kunawa uso nikijisemesha moyoni maneno ya kumwambia Amoding.

(Kile cha uji na mswaki nilikuwa nimekihifadhi vizuri kabisa, ndani ya mkoba wangu. Nilikibana kwapani nikihisi moyo ukidunda juu yake. Juu ya picha ya mswaki!)

Niliingia bwaloni mbio, maji yanadondoka kidevuni. Watoto wamekaa kwenye mabenchi, vikombe mbele yao vitupu. Mama Nekesa, mpishi wetu, amesimama na upawa juu ya sufuria. Madam Mkuu yuko mezani kwake na miwani. Na Amoding yuko karibu na dirisha, amevaa gauni la safari ambalo sijawahi kuliona, la kijani, na viatu vya kufunga. Anautazama ubao huku kichwa amekiinamisha upande.

"Athieno," nikasema, nikihema, "kuna kosa kidogo. Ngoja nibadilishe."

Athieno hakunitazama. Alitazama kitenge mkononi mwake.

"Kimeshabanduliwa," akasema.

"Najua, lakini..."

"Kimeshabanduliwa." Mkono wake ukaanza kupiga paja. Pole pole, kisha haraka. Nikatazama ukuta. Nikamtazama Amoding, naye alikuwa ananitazama mimi, na alitikisa kichwa kidogo sana: usifanye hivyo.

Muhula mzima na zaidi bila kugonga. Na siku ambayo Amoding anaondoka, mimi nivunje?

"Hakuna kosa," nikasema. "Endelea."

Mkono ukatulia.

"Mwalimu Wandera. Kaa," Athieno akaamuru. Nikaketi kwenye benchi la mbele, la watoto wadogo, magoti yakanifika masikioni. Krap, kadi mbili zikaingia kwenye kopo. "Mwalimu Amoding. Kaa." Amoding akaja, akaketi kwenye benchi lililonikabili, akapanga gauni lake. Krap, krap.

"Sikiliza," akasoma Athieno, na watoto arobaini na wawili wakashika masikio yao, maana ndivyo tulivyowafundisha. Amoding naye akashika. Hata Madam Mkuu akashika.

Bwalo likanyamaza. Ni mara ngapi nimewaomba watoto hawa kimya kama kile, nikakikosa!

"Mwalimu Wandera. Naumwa hapa."

Kadi hiyo ina picha ya kiwiliwili, na msalaba wa plasta unaoweza kusogezwa. Mtoto anausogeza mahali panapouma ili muuguzi aelewe. Mimi niliuweka kifuani upande wa kushoto. (Jumatano niliona ni ubunifu wa hali ya juu.)

"Onyesha," Athieno akasema.

Nikaweka kiganja kifuani.

Madam Mkuu akasimama. "Mwalimu Wandera, unaumwa kifua? Tangu lini? Mbona hukuripoti?"

"Siyo kifua, Madam..."

"Ni nyongo hiyo," Mama Nekesa akasema kutoka jikoni, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mi naona yeye jana. Nakula maharage sahani mbili, nalala saa hiyo hiyo. Mwanangu, maharage haitaki mchezo."

"Siyo maharage, Mama."

"Sasa ni nini? Sema! Uji yangu inapoa."

"Siyo maharage," Athieno akathibitisha, kwa kuwa kadi ya maharage anaijua. "Inayofuata." Akakaribia ubao, akasoma. Akarudi nyuma hatua moja, akasoma tena. "Nataka zaidi."

Hapo nikafumba macho.

Kadi ya Nataka Zaidi ndiyo inayochakaa kuliko zote shuleni. Ina picha ya mikono miwili inayoinua kikombe. Lakini mtoto haruhusiwi kuinyanyua tu. Zamani walikuwa wanapiga vikombe mezani na kulia, mpaka Amoding akawafundisha, mmoja mmoja, kwa miezi, kwamba anayetaka zaidi ataje anachotaka, kwa sentensi nzima, na tafadhali mwishoni. Asiyeweza kusema anaunganisha kadi. Bila hivyo hapewi. Nimemwona akikaa na mtoto mbele ya sufuria mpaka uji ukaota ngozi.

"Zaidi ya nini?" Athieno akaniuliza.

Nikazidi kuyabana macho.

"Kadi inayofuata inasema," akaendelea kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake aliyekwama. "Tazama. Ni Mwalimu Amoding. Sema sentensi nzima."

"Athieno, nadhani..."

"Sentensi nzima, Mwalimu."

Nilifumbua macho. Amoding alikuwa mbele yangu, mita moja tu, mikono imeshuka kutoka masikioni. Alikuwa ameinama mbele kidogo, viwiko juu ya magoti. Hakunikatisha. Hakunimalizia. Hakutazama pembeni.

Wenzangu, mihula mitano nilitamani kutazamwa hivyo.

"Naomba," nikasema, na sauti yangu ikatoka kama ya jogoo mchanga, "naomba Mwalimu Amoding zaidi. Tafadhali."

Kisha watoto arobaini na wawili, ambao wamefundishwa kurudia, wakarudia. Kwa nguvu zao zote! "NAOMBA MWALIMU AMODING ZAIDI! TAFADHALI!" Vikombe arobaini na viwili vikainuliwa juu. Wasiosema wakaomba kwa mikono. Mmoja aliyekaa nyuma yangu akanisukumia kikombe chake kwenye shavu.

Upawa ukaanguka ndani ya sufuria.

"Yesu wangu!" Mama Nekesa akasema. "Kumbe si maharage!"

Madam Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akakaa. Niliona mabega yake yakitikisika. Sitaki kujua kama alikuwa anacheka.

"Usitoke," Athieno akasoma.

Hii, jamani, nilikuwa nimeisahau. Ni kadi ya mlango wenye mstari mwekundu. Mimi niliiweka kwa maana ya moyo. Shuleni ina maana ya komeo. Tunaitumia ng'ombe wa jirani wakiingia uwanjani, na wavulana wawili wakubwa wanajua kazi yao. Wakakimbia, wakafunga mlango wa bwalo kwa komeo, wakasimama mbele yake mikono kifuani.

Na hapo hapo, nje, gari likapiga honi.

"Hilo ni langu," Amoding akasema taratibu.

Honi tena. Kisha kitasa kikatikiswa, na sauti ya mwanamume: "Hodi! Mwalimu wa Moroto yuko? Tunapaswa kupita Mbale kabla jua halijakuwa kali!"

"Amefungiwa!" mtoto mmoja akamjibu.

"Na nani?"

"Na Mwalimu Wandera!"

(Dereva simjui na sitaki kumjua. Huenda mpaka sasa kule njiani anasimulia.)

"Kadi ya mwisho," Athieno akasema, bila kuijali honi. "Swali."

Kadi ya swali haina picha. Ina alama ya kuuliza tu, kubwa, nyeusi. Unapoiweka, unayemuuliza anapewa kisanduku cha majibu. Athieno akakifuata rafuni, akakileta, akakiweka mapajani mwa Amoding, juu ya gauni la kijani. Mna majibu matatu humo: Ndiyo ya kijani, Hapana nyekundu, na Subiri.

Amoding akakitazama kisanduku.

"Wandera," akasema, si kwa sauti ya mwalimu. "Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa natafuta maneno."

"Mihula mitano?"

"Yalikuwa mengi."

Akatabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa na maji. "Na umekuja kuyapata kwenye sanduku la watoto."

Akaingiza vidole. Niliona vikigusa kadi ya kijani, vikakaa pale. Vikaondoka. Vikagusa nyekundu, vikaondoka haraka. Akatoa ya manjano, yenye picha ya kiganja.

Subiri.

Jamani, niliona mbingu zinafunguka! Nikaanza kuhesabu: muhula, mihula miwili, mwaka, kuna barabara, kuna simu, mimi ni mtu wa kuandika, nitaandika. Kusubiri! Ni kazi ndogo kiasi gani! Nikanyoosha mkono kuipokea kadi.

"Mpaka saa ngapi?" Athieno akauliza.

Amoding akainua uso.

"Haturuhusiwi kumpa mtu Subiri bila saa," Athieno akasema. "Ulisema wewe. Ulisema kumwambia mtu asubiri bila kumwonyesha mpaka lini ni kumtesa." Akaenda, akaleta saa yetu ya kadibodi, yenye mishale inayozungushwa kwa kidole. Akamkabidhi.

Amoding akaishika. Akasogeza mshale mmoja kidogo, akauacha.

"Saa hii ni ndogo, Athieno."

"Basi kalenda."

Akaitungua kalenda ukutani, ile kubwa ya duka la vifaa. Amoding akafunua mwezi unaokuja. Akafunua unaofuata. Alifunua polepole, nami nikihesabu kila karatasi. Desemba. Nyuma ya Desemba kulikuwa na kadibodi tupu ya kahawia.

"Inaishia hapa, Mwalimu," Athieno akasema.

"Naona."

Nje, honi.

Amoding akaipitisha kidole ile kadibodi tupu, mara moja, kama mtu anayefuta vumbi. Mkataba wake wa Moroto ni wa miaka mitatu, na baada ya hapo hajui, na mimi najua kwamba hajui, kwa sababu alishatuambia wote siku ya kutangaziwa. Angeweza kudanganya. Angeonyesha tarehe yoyote, mimi ningeiamini mpaka kaburini. Lakini mbele yake alikuwa amesimama Athieno na sweta lake la bluu.

"Nimekosea," akasema. "Samahani, Athieno. Sina saa ya kumwonyesha." Akairudisha kadi ya manjano ndani ya kisanduku.

Akatoa nyekundu. Hakunirushia wala hakuiweka benchini. Alinipa kwa mikono miwili.

"Hapana," Athieno akasoma. Watoto wakarudia, chini chini, maana yeye mwenyewe alisoma chini chini. "Hapana."

Nilikaa na kadi mkononi. Nilidhani hapo ndipo mwisho wa aibu ulipo. Sikujua bado kuna ghorofa moja chini.

Athieno akanigusa bega. "Mwalimu Wandera. Mtu akijibu, tunasemaje?"

Tunawafundisha hivyo. Hapana si tusi, ni jibu, na jibu hushukuriwa. Nimewaambia mwenyewe mara mia, nikiwa nimeegemea meza, kwa furaha kabisa, mimi ambaye sikuwa nimeambiwa chochote.

"Asante kwa kujibu," nikasema.

"Karibu," Amoding akasema, na sasa maji yalikuwa yameshuka.

Krap. Kadi ya mwisho. Athieno akaitupa koponi, akalitikisa kopo, akatangaza "Imekwisha," na wale wavulana wawili wakafungua komeo. Dereva akaingia na jua lake lote, akasimama, akatutazama: watoto vikombe juu, mpishi akilia kwa aproni, Madam akiwa ameficha uso kwenye daftari, mwanamume mwenye tai kwenye benchi la watoto wa miaka sita, ana masalia ya sabuni sikioni. (Ndiyo. Sabuni ilikuwa sikioni muda wote. Hakuna aliyeniambia!)

"Nimekuja wakati mbaya?" akauliza.

"Umekuja na saa yako," Mama Nekesa akamjibu. "Beba sanduku. Nyinyi watoto, leta kikombe, hii uji sasa ni ugali."

Nikatoa kibao halisi mkobani, nikakitundika. Uji ukanywewa. Amoding aliwaaga watoto mmoja mmoja, kama tunavyofundisha: mkono, jina, kumtazama mtu usoni. Athieno hakumpa mkono, hapendi kuguswa asipoanza yeye mwenyewe. Alimpa kile kitenge akikunje. Wakakikunja pamoja, pembe kwa pembe, mpaka kikawa kidogo kama kitabu, kisha Athieno akakichukua akaenda zake. Amoding akabaki na mikono mitupu, akaitazama kidogo.

Mimi nilikuwa wa mwisho, karibu na mlango.

"Wandera," akasema.

"Amoding."

Mkono wake ulikuwa na baridi ya kikombe cha maji. Sikujua niushike kwa muda gani. Hilo hatujawafundisha watoto, na sasa najua sababu.

"Ile sentensi," akasema, "uliisema vizuri. Nzima."

Hayo tu. Nilitaka kumwambia kwamba kuna nyingine, kwamba nina nyumba nzima ya sentensi, kwamba nikirudi Busia kwa mama Jumamosi nitapita pale daraja la Malaba na kila Mteso mrefu aliyevaa kijani atanigeuza shingo. Nikasema, "Safari njema, ticha."

Naandika haya nimekaa bwaloni, watoto wako bustanini, na kila anayepita dirishani ananiinulia kikombe ambacho hana. Mama Nekesa ameniletea maharage bila kuombwa. Wanaotaka kucheka nawaruhusu, lakini chekeni kwa sentensi nzima, na mseme tafadhali.

Mlango wetu ni wa mbao, umevimba kwa mvua za mwezi huu. Amoding alipotoka aliuvuta nyuma yake, nao haukufunga. Ulibaki na ufa wa kidole kimoja, na ndani ya ufa ule kulikuwa na kijani, kimesimama. Nikangoja.

Akauvuta mara ya pili, ukafunga.